Vitanda Elfu Nne na Mia Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Shajara hii ilikuwa ya wageni. Kamati ya maandalizi iliagiza mia tano zenye nembo ya Michezo kwenye jalada, na mchapaji akakosea siku: Jumatatu imeandikwa Jumanne, Jumanne imeandikwa Jumatano, hivyo hivyo hadi Desemba. Mkurugenzi wetu wa fedha, ambaye ofisi nzima inamwita Mkasi kwa jinsi anavyokata kila kinachopita mezani kwake, amekataa katakata kuzitupa. "Kila mtumishi achukue moja," alisema. "Siku utazirekebisha kwa kalamu." Basi nimezirekebisha, na sasa naona aibu kuiacha tupu.

Kazi yangu ni moja: vitanda. Mwakani mwezi wa sita nchi thelathini na moja zitakuja hapa kushindana katika michezo kumi na minne, na mimi ndiye ninayepanga watalala wapi na kwa fedha ipi. Wachezaji, makocha na madaktari wao ni watu elfu nne na mia mbili. Kijiji chao kimeanza kujengwa nje ya mji, majengo ishirini na mawili. Mpaka sasa ni mashimo ishirini na mawili.

Mvua imeanza leo saa nane mchana.

Jumatano, 6 Machi

Niandike na ya nyumbani, maana ndiyo yanayonichosha zaidi.

Naishi na mama mkwe wangu. Mke wangu alifariki mwaka jana mwezi wa kwanza, homa ya siku sita tu, na mama yake akaja msibani na begi dogo. Miezi kumi na minne imepita, begi lipo na mwenyewe yupo. Mimi na marehemu hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo siwezi kusema amebaki kulea mjukuu. Hakuna anayeweza kueleza vizuri kwa nini mwanamume wa miaka arobaini na mmoja na mwanamke wa sitini na mitatu, wasio na damu moja, wanakaa nyumba moja wakigombania redio.

Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini na mmoja. Amestaafu kazi, lakini kazi haijamstaafu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anagonga mlango wangu mara tatu. Taulo zimepangwa kwa ukubwa. Sabuni imeandikwa tarehe iliyofunguliwa. Jana nimekuta karatasi imebandikwa jikoni: "Atakayemaliza sukari aseme." Tuko wawili.

Shemeji, kaka wa marehemu, hupiga simu kila Jumapili. "Mama anakuja lini kwangu?" Mimi humwambia amuulize mwenyewe. Mwenyewe akiulizwa husema, mvua zikiisha. Kabla ya mvua alikuwa anasema, jua likipungua.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mhandisi wa kijiji amepiga simu. Ni mwanamke wa maneno machache na sauti nzito ya kushindana na mashine. "Yale mashimo yako ishirini na mawili yamekuwa mabwawa ishirini na mawili," amesema. "Nikikupa mashindano ya kuogelea utapokea?"

Ijumaa, 15 Machi

Leo tumekaa kikao kisichosahaulika.

Mkasi aliingia na karatasi moja tu, na yeye si mtu wa karatasi moja. Akasimama badala ya kukaa. Kampuni iliyoahidi kudhamini kijiji imejitoa. Barua yao ina heshima zote, inatutakia kila la heri, na inatuachia pengo la theluthi mbili ya gharama za malazi.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jengo la jirani kiasi kwamba tungesema tusingesikika.

"Shirikisho la Michezo limeshapata habari," Mkasi akaendelea. "Wanataka mpango mpya wa malazi. Wakaguzi wanakuja katikati ya mwezi wa tano. Wasiporidhika, Michezo inapewa nchi nyingine."

Halafu akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Nikatazama shajara.

Nimefika nyumbani nimelowa hadi soksi. Mama akauliza, "Leo vipi?" Nikajibu, "Salama." Akaenda kunitandazia gazeti la kukanyagia.

Jumamosi, 23 Machi

Nimefanya jambo baya, na naliandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Wiki nzima nimekuwa nabeba makaratasi nyumbani. Nilikuwa nimeyatandaza mezani kwa mpango wangu: hoteli huku, nyumba za wageni kule, mahema pembeni. Nimetoka kuoga, nakuta meza ni nyeupe pe. Makaratasi yamekusanywa fungu moja, yamenyooshwa kingo, yamefungwa kamba.

"Mama, makaratasi yangu!"

"Yalikuwa yamezagaa, Mkwe. Nimekupangia."

"Mama, hapa si bweni!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Na mimi si mwanafunzi wako."

Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza. Akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka. "Kweli," akasema. "Si bweni." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningepata nafuu.

Jumatatu, 25 Machi

Hakugonga mlango. Nimefika kazini saa nne kasoro.

Jumatano, 27 Machi

Hakugonga. Ile karatasi ya sukari imebanduliwa.

Jumanne, 2 Aprili

Mkasi ameniita peke yangu. Ofisi yake haina pazia, haina zulia, ina kiti kimoja cha mgeni na hicho kinayumba. Hukaa na sweta la kijivu mwaka mzima. Nimekuwa nikimwona kama mtu aliyezaliwa bila tumbo: hali kitu, hapendi kitu, anahesabu tu.

"Nimepata njia," akasema. "Kila timu ijilipie malazi yake hotelini. Pengo linakwisha siku hiyo hiyo. Niandikie mapendekezo, nitie saini."

"Timu ndogo hazitaweza."

"Ngapi?"

"Kumi na moja, kwa hesabu ya haraka."

"Zitabaki ishirini," akasema. "Ishirini ni Michezo."

Nilikuwa na barua mfukoni. Imetoka kwa timu ndogo kuliko zote: wakimbiaji watatu na kocha. Kocha mwenyewe ndiye ameandika, kwa mkono. Anasema wamesikia tuna shida ya vyumba, tusihangaike, wao wote wanne wanaweza kulala chumba kimoja, hata sakafuni, mradi pasiwe na baridi ya kukaza misuli. Nikamwekea mezani. Akaisoma. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Akairudisha.

"Andika mapendekezo," akasema, ila taratibu kidogo.

Mpaka natoka ofisini sijaandika hata mstari.

Jumapili, 7 Aprili

Leo nimeomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, na nilipofika jikoni yote yakayeyuka. Nikasema tu, "Mama, nisamehe. Nilikuwa na hasira za kazini nikakumwagia wewe."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ni kazi gani hiyo inayokukondesha? Maana miezi yote hii sijakuuliza na wewe hujanieleza."

Nikaenda kuleta lile fungu, bado lina kamba yake, nikamweleza yote: kijiji, mdhamini, mabwawa, Mkasi, timu kumi na moja. Akavaa miwani. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mstari, kama anasahihisha madaftari. Alipofika penye "vitanda vipya 4,200" akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

"Vipya vya nini? Nchi hii imejaa vitanda."

"Wapi, Mama?"

"Mashuleni. Mabweni yote haya. Kila kitanda kina mtoto juu yake, ndiyo maana hamkioni."

"Sasa hao watoto tutawapeleka wapi?"

Akavua miwani akanitazama kama anavyotazama mtu aliyemaliza sukari. "Kwao. Watoto hufunga shule, Mkwe. Mwezi wa sita wako darasani, lakini mwezi wa nane bwenini hamna hata paka. Hiyo michezo yenu imeandikwa mbinguni kwamba lazima iwe mwezi wa sita?"

Haijaandikwa mbinguni. Imeandikwa na sisi, kwenye kikao, mwaka juzi, kwa sababu mdhamini alipenda mwezi wa sita. Na mdhamini ameondoka.

Tumekaa pale mpaka mchana. Ametaja shule tano kutoka kichwani, moja baada ya nyingine: mabweni mangapi, paa lipi linavuja, kisima kipi kina maji ya chumvi, mpishi gani ana mkono mzito wa mafuta. Nimeandika mpaka kalamu imekwisha wino. Mchele umesahaulika, tumekula mkate.

Jumatatu, 8 Aprili

Badala ya mapendekezo aliyotaka, nimempelekea Mkasi kurasa nne. Kusogeza tarehe wiki saba. Shule za bweni tano, zote mwendo wa chini ya saa moja kutoka viwanjani. Fedha iliyobaki itengeneze mapaa, mabomba, vyoo na magodoro, na Michezo ikiisha vyote vibaki kwa watoto.

Alisoma akikata maneno kwa kalamu nyekundu. Kurasa nne zikawa mbili na nusu. "Wazo la nani?"

Ningeweza kusema langu. "La mama mkwe wangu. Alikuwa matroni."

Akafunika kalamu nyekundu. Kiti chini yangu kikayumba.

"Jumamosi ana nafasi?" akauliza.

Jumanne, 9 Aprili

Alfajiri mlango umegongwa mara tatu. Nimejikuta natabasamu gizani kama mwehu.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumekwenda shule aliyofanyia kazi Mama: yeye, Mkasi, Mhandisi na mimi. Mvua haikutuacha hata hatua moja. Mkuu wa shule wa sasa ni mwanafunzi wake wa zamani, na alipomwona Mama akashuka ngazi mbio na viatu vya visigino. "Shikamoo, Matroni!" Kisha, bila kuambiwa, akaficha mikono nyuma kana kwamba kucha zitakaguliwa.

Wasichana walikuwa darasani kwa masomo ya Jumamosi, mabweni matupu. Mama akatuongoza. Sijawahi kumwona hivyo. Nyumbani namwona mwanamke mfupi anayezunguka meza. Pale alitembea kama meli inaingia bandarini na sisi watatu tukimfuata nyuma. Akafungua kila bomba na kuhesabu kimya mpaka maji yajaze ndoo. Akamwonyesha Mhandisi mahali paa linapovujia, na pale maji yanapojifanya yanavujia. Akamkabidhi Mkasi ncha ya utepe wa kupimia na kumwambia, "Shika hapo, baba, usilegeze." Mkasi akashika.

"Mchezaji wenu mrefu kuliko wote ana urefu gani?" akauliza.

"Mita mbili na sentimita kumi na nne," nikasema. "Mpira wa kikapu."

"Basi miguu itaning'inia nje kama nguo kwenye kamba."

Mhandisi akapiga magoti, akagonga chuma cha miguuni kwa kidole. "Tunakata hiki, tunachomelea kipande. Dakika ishirini kwa kitanda."

"Umeona?" Mama akamwambia Mkasi. "Kukata na kuunga. Si kukata tu."

Mhandisi akageukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Bweni la tatu niliingia na Mama peke yetu, wale wawili wamebaki barazani wakibishana kuhusu mifereji. Kwenye chumba cha mwisho, cha vitanda vinane, alipita kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne, karibu na dirisha, akakaa.

"Alilala hapa," akasema.

Nilijua mke wangu alisoma shule hii. Sikujua kitanda. Nikabaki nimesimama na daftari langu.

"Siku ya kwanza nilimwambia, hapa mimi si mama yako, wenzako wataona unapendelewa. Akashika neno. Miaka minne, Mkwe, miaka minne aliniita Matroni. Kidato cha pili akaugua sana. Nimekaa naye, namkanda kichwa kwa kitambaa cha maji, mwili unawaka. Akafumbua macho, akaniambia, 'Asante, Matroni.' Na homa yote ile, hakujisahau."

"Alikuwa mtiifu," nikasema.

"Alikuwa ananikomoa." Akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikakatika. Akangoja mpaka ikarudi. "Siku ya kumaliza, akavuta sanduku lake hadi getini. Akavuka geti hatua mbili. Akageuka, akapiga kelele, 'Mamaaa!' Shule nzima ikageuka. Nimekimbia uwanja ule wote na sare ya kazi."

Nikakaa kitanda cha pili yake. Tangu tumzike hatukuwahi kumzungumzia. Tulizungumzia sukari.

"Alikuwa akilala lazima atoe miguu nje ya blanketi," nikasema. "Hata baridi iweje."

Mama akanigeukia haraka. "Mpaka ukubwani?"

"Mpaka mwisho. Hata zile siku sita. Namfunika, anatoa."

"Tangu mtoto mchanga," akasema. "Tangu mchanga." Na akalia, na mimi nikalia, tumekaa kwenye vitanda vya wasichana wa watu, mvua inamwagika dirishani.

Tulipotoka, Mkasi alikuwa amesimama mbele ya bweni, nje ya baraza, na mwavuli usiomtosha. Suruali imelowa hadi magotini. Nimekuja kuambiwa na Mhandisi kwamba mkuu wa shule alitaka kuingia mara mbili, na mara zote Mkasi alimzuia. "Wanapima," alimwambia. "Wanapima, tusiwasumbue."

Kwenye gari hakutuangalia usoni wala hakuuliza kitu. Aliongea habari za mifereji njia nzima.

Jumatatu, 22 Aprili

Wizara ya elimu imekubali kwa mdomo. Mkasi anataka kwa maandishi. Mvua.

Jumanne, 30 Aprili

Kwa maandishi imepatikana. Shule nne zimekubali, ya tano inataka kwanza ijengewe choo. Mama anasema wana haki, choo chao anakijua.

Jumatatu, 6 Mei

Mhandisi ametengeneza bweni la mfano: lile la tatu. Paa jipya, vitanda vilivyoungwa, taa. Fedha ilitosha bweni moja tu. Wakaguzi wataonyeshwa hilo, wakilipenda shirikisho litatoa sehemu yake na serikali sehemu yake. Wasipolipenda, nimekwisha mimi na kurasa zangu mbili na nusu.

Jioni Mama ananisomea orodha yake ya mambo wanayosahau watu wa ofisini: ndoano za taulo, mahali pa kuanika, kioo cha urefu wa mtu. Ameanza kukaa upande huu wa meza, ubavuni kwangu, ili tusome karatasi moja.

Jumapili, 12 Mei

Upepo umeng'oa mabati ya bweni la mfano. Wakaguzi wanafika kesho saa tano.

Simu ya Mhandisi imenifikia saa moja asubuhi. Tulipofika, mabati manane yalikuwa yamekunjwa uwanjani kama karatasi za peremende, na magodoro mapya yamekunywa maji. Mhandisi na mafundi wake walikuwa juu tayari. Mama akaingia jikoni mwa shule, akatoka na wapishi wawili na wasichana thelathini, na magodoro yakaanza kutembea kuelekea ukumbini vichwani mwao.

Nikamwona Mkasi anateremka kwenye basi la abiria. Hakuwa na gari, siku za mapumziko hutumii gari la ofisi, kanuni ameitunga mwenyewe. Akavua sweta la kijivu, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Ndani alikuwa na shati lenye kiraka begani. Akashika ncha ya bati na kuniambia, "Wewe shika huko."

Tumebeba mpaka saa kumi. Katikati aliniuliza, bila kunitazama, "Yule kocha wa watu wanne. Ulimjibu?"

"Bado."

"Usimjibu bado," akasema. "Mpaka kesho."

Jumatatu, 13 Mei

Kiongozi wa wakaguzi ni mwanamke mrefu wa makamo, zamani alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu. Mkasi ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa sababu mkalimani wa kulipwa alimkata kwenye bajeti.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikuwa natazama dari kuliko nilivyokuwa natazama wageni. Mkaguzi akapima nafasi kati ya vitanda, akawasha taa, akazima, akafungua bomba. Kisha, bila kuaga, akavua viatu na kulala kitandani chali. Miguu ikaenea. Akaichezesha vidole.

Akauliza swali. Mkasi akatafsiri: "Anasema, watu wanane chumba kimoja, kabla ya mashindano makubwa ya maisha yao? Hawatapumzika."

Kila mtu akanitazama. Nami nikamtazama Mama.

Mama akakohoa kidogo. "Mwambie nimelala bwenini na wasichana mia, usiku wa kuamkia mtihani, mwaka hata mwaka. Mtu akiwa peke yake usiku huo anahesabu boriti. Akiwa na wenzake saba, mmoja atakoroma, mmoja atasema neno la kipuuzi, watacheka, na woga utapata pa kutokea. Mwambie chumba cha peke yako ni kizuri ukishashinda. Kabla ya hapo unataka mtu wa kukuuliza, na wewe hujalala?"

Mkasi akageuka, akasema maneno manne.

"Mbona umetoa kidogo hivyo?" Mama akauliza.

"Nimefupisha."

"Rudishia."

Mkasi akamgeukia mkaguzi tena. Akaanza upya, polepole, akitafuta maneno, hadi la mwisho. Miaka mitano nimefanya kazi naye, ni mara ya kwanza kumwona akirudisha alichokata. Mkaguzi, bado amelala, akasikiliza. Akatazama kitanda cha pili yake muda mrefu, kama kuna mtu anamkumbuka.

Dari halikudondosha hata tone.

Jumanne, 21 Mei

Barua imefika. Wamekubali! Tarehe mpya, shule tano, timu thelathini na moja. Masharti ni kumi na tisa, ila hakuna linaloua.

Ofisi imepiga kelele, watu wamekumbatiana. Mkasi alisoma barua yote hadi saini, akasema, "Vizuri," akaenda msalani akakaa dakika ishirini na tano. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakuna aliyemtania. Nimemjibu yule kocha: chumba kipo, kitanda kila mtu, na baridi hakuna.

Jioni Mkasi akanipa bahasha ya kumpelekea Mama. Mkataba wa miezi kumi na tano: msimamizi mkuu wa malazi ya wanawake. Mimi sikujua lolote. Mama aliusoma umesimama wima mikononi kama cheti, akauweka mkobani.

Shemeji amepiga simu. Amesikia huko mvua zinakatika, Jumamosi anakuja kumchukua. Nikamwambia, karibu sana. Nimekata simu nikagundua nimesimama katikati ya chumba na sijui nilikuwa naelekea wapi.

Jumamosi, 25 Mei

Shemeji amekuja na gari la kuazima, ameondoa kiti cha nyuma ili mizigo ienee. Ni mtu mwema, mnene, mwenye haraka. Tukanywa chai. Mama akamwonyesha mkataba.

"Mama! Miaka sitini na mitatu? Si ulistaafu?"

"Nilipumzika," Mama akasema.

"Sawa, kazi fanya. Lakini utafanya ukitokea kwangu. Basi lipo." Akanigeukia. "Shemeji, umetutendea wema, Mungu akulipe. Lakini wewe ni kijana, una maisha mbele. Si vizuri mama yetu akulemee."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Mkwe hagombei mama wa watu na mtoto wake wa kumzaa.

"Hanilemei," nikasema. "Naomba abaki."

"Kwa ajili ya kazi?"

"Kazi ataifanya popote. Naomba abaki kwa ajili yangu." Nilisikia sauti yangu inapanda kama ya mtu anayetetea bajeti, na sikuweza kuizuia. "Yeye tu ndiye ninayeweza kumwambia, 'Unakumbuka?' Wengine wote wananiambia nisahau."

Shemeji akatazama kikombe. Mama akainuka. "Mkwe, naomba ruhusa niingie chumbani kwako."

Hajawahi kuingia chumba kile tangu aje. Nikaitikia kwa kichwa. Tukasikia mlango wa kabati, ule wa kushoto, ambao mimi huwa siufungui. Tukasikia hanga moja moja. Ilichukua muda mrefu, na hatukunywa chai.

Akatoka amebeba nguo za mke wangu mikono miwili, zimekunjwa, gauni la kijani juu. Akaziweka mezani mbele ya mwanawe.

"Siku ile tumetoka makaburini," akasema, "nyie wote mlinipa kazi moja. Mama, kaa siku tatu, uwagawie watu nguo zake, halafu urudi. Kila wiki nikasema wiki ijayo. Kwa sababu ningezigawa, ningekuwa nimebaki hapa kwa sababu gani? Ningejiambiaje?"

"Mama, ungetuambia," Shemeji akasema taratibu.

"Ningewaambia nini? Nilikuwa namdanganya huyu, najidanganya na mimi." Akalainisha kola ya gauni kwa kidole. "Hizi mpelekee mkeo. Zisizomtosha awape dada zake. La kijani lisikatwe, lishonewe pindo tu."

"Kwa hiyo umemaliza kazi," Shemeji akasema. "Tunakwenda?"

"Nimemaliza," Mama akasema. "Nimezigawa, na bado nakaa."

Shemeji alicheka huku akijifuta macho kwa kiganja. Tukapakia nguo kwenye lile gari kubwa. Zilichukua nafasi ndogo sana, ikabidi azizungushie blanketi zisitembee njiani.

Jumapili, 2 Juni

Jua siku nne mfululizo. Ukuta wa nyuma umeanza kukauka.

Jumatatu, 3 Juni

Mama ameondoka kwenda kazini kabla yangu. Amevaa viatu vya kufunga kamba na amebeba utepe wa kupimia wa kwake mwenyewe, hauamini wa Mkasi.

Nimefungua upande wa kushoto wa kabati na kuhamishia mashati yangu huko. Nimeyatenganisha kidogo ili yaenee. Yako manane. Bado pana nafasi.